Tuache Kuabudu d33

Ukifuatilia maandiko ya watafiti wanaovuna umeme kutoka kwenye mitetemo, utaona wimbo ni ule ule. Mtu ametengeneza kauri mpya, au amechanganya unga wa kauri na polima kwa namna mpya, kisha anatangaza kwamba d33 imepanda. Kipimo hicho kinaeleza ni chaji kiasi gani inatoka nyenzo inapobanwa kwa nguvu ya nyutoni moja, na huandikwa kwa pikokulombi kwa nyutoni. Kikipanda, andiko linapokewa, ruzuku inatoka, na magazeti yanawaahidi wasomaji kwamba siku si nyingi simu zitachajiwa kwa hatua za wapita njia. Dhana iliyo nyuma ya yote hayo imeshakuwa kama sheria isiyoandikwa: umeme wa mitetemo ni haba kwa sababu nyenzo ni dhaifu, basi tukipata nyenzo yenye d33 kubwa zaidi, kazi imekwisha.

Naipinga dhana hiyo bila kumung'unya maneno. Inawapotezea miaka vijana wenye akili, inatumalizia fedha ambazo vyuo vyetu havinazo kwa wingi, na inaziua nyenzo mseto za kauri na polima kwa kuzipima kwa mizani ambayo zilibuniwa ili kuikwepa.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo d33 inapovuliwa nguo. Nishati unayoweza kuitoa katika kipande cha nyenzo kinachobanwa hailingani na d peke yake. Inalingana na d mara g, na g ni d iliyogawanywa kwa kiwango cha dielektriki, yaani uwezo wa nyenzo kushika chaji. Nyenzo yenye kiwango kikubwa hutoa chaji nyingi, lakini chaji hiyo inatawanyika ndani ya kapasita kubwa na volti inabaki chini. Chukua kauri mbili za PZT zinazouzwa kila mahali. Ile inayoitwa 5A ina d33 ya takribani 370 na kiwango cha dielektriki cha 1,700. Mwenzake 5H ina 590 na 3,400. Ukitazama d33 pekee, 5H imeshinda kwa karibu asilimia 60. Ukizidisha d kwa g, ushindi unashuka hadi karibu asilimia 25. Sasa weka pembeni yake PVDF, plastiki ambayo Mjapani Heiji Kawai aliionyesha mwaka 1969 kuwa nayo hutoa umeme ikivutwa. d33 yake ni kama 30, sawa na sehemu moja ya ishirini ya 5H. Lakini kiwango chake cha dielektriki ni 12 tu, na d mara g yake inafika karibu robo tatu ya ile ya 5H. Kipimo kinachosema nyenzo hizi mbili zimepishana mara ishirini, wakati kwa nishati zinakaribiana, hakistahili kuwa hakimu.

Sisemi PVDF ndiyo jibu. Ni laini mno. Ikibandikwa kwenye ubao wa chuma unaopinda, chuma ndicho kinachobeba nguvu na plastiki inafuata tu, na uwezo wake wa kugeuza kazi ya mwendo kuwa umeme ni mdogo. Ninachosema ni kwamba namba moja haiwezi kutuchagulia nyenzo.

Hilo walilijua waliozianzisha nyenzo mseto. Mwaka 1978 Robert Newnham na wenzake Skinner na Cross, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania huko Marekani, waliandika kuhusu namna sehemu mbili za nyenzo zinavyoungana ndani ya kipande kimoja, na wakahesabu mipangilio kumi inayowezekana. Swali lao lilikuwa la usanifu: kauri iko wapi, polima iko wapi, na nguvu inapita njia gani? Katika mpangilio wa 1-3, vijiti vya kauri vinasimama wima vikiwa vimezungukwa na polima. Ukikibana kipande hicho kwa juu, kauri ngumu inaubeba karibu mzigo wote na polima laini inajikunja kando. Kwa hiyo d inapungua kidogo tu. Kiwango cha dielektriki, kwa upande wake, kinashuka kulingana na kiasi cha kauri kilichomo. Ukiweka kauri robo na polima robo tatu, katika hali bora g inapanda karibu mara nne. Hakuna aliyegundua unga mpya. Wamepanga upya unga uliokuwepo tangu miaka ya 1950, na nishati inayovunika kwa kila sentimita ya ujazo iliyobeba mzigo ule ule ikaongezeka kwa namna ambayo miongo ya kukimbilia d33 imeifikia kwa taabu.

Ukija leo na mizani ya d33, kipande hicho kinaonekana kimeshindwa, kwa kuwa d33 yake iko chini ya ile ya kauri tupu. Mhakiki anaandika kwamba matokeo si mapya. Mwanafunzi anarudi maabara kuongeza unga hadi asilimia 60, 65, 70, mpaka nyenzo inakuwa nzito, inapasuka kama kauri na haipindiki kama polima. Wala siyo hadithi. Njia hiyo imetembelewa sana katika nyenzo za aina ya 0-3, zile ambazo chembe za kauri zimetapakaa ndani ya polima bila kugusana.

Hizi za 0-3 zinahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndizo rahisi kutengeneza na ndizo zinazofaa maabara isiyo na mashine za gharama. Unachanganya unga na epoksi, unamimina, unaacha ikauke. Ugumu unakuja kwenye kuziamsha chembe kwa volteji ya juu, hatua ambayo bila yake kauri haina umeme wowote wa kutoa. Chukua chembe ya PZT yenye kiwango cha dielektriki cha 1,800 ndani ya epoksi yenye 4. Fizikia ya kawaida ya tufe ndani ya uga wa umeme inaonyesha kwamba uga unaoingia ndani ya chembe haufiki hata asilimia moja ya ule uliowekwa nje. PZT inahitaji takribani kilovolti 2 kwa milimita ili iamke. Ili kiasi hicho kifike ndani ya chembe, nje utahitaji kilovolti 300 kwa milimita, na epoksi inavunjika kwa makumi tu. Ndiyo maana sahani inatumbukizwa kwenye mafuta ya silikoni yenye joto, volteji inapandishwa polepole kwa muda mrefu, na pale ambapo kiputo kimoja cha hewa kimebaki ndani ya epoksi, cheche inapita na kuacha tundu jeusi lisilozidi ncha ya sindano. Sahani hiyo imekufa.

Sasa jiulize: katika hali hiyo, kubadilisha unga wa d33 ya 370 kwa unga wa 590 kunasaidia nini? Wa 590 una kiwango cha dielektriki mara mbili, kwa hiyo uga unaoingia ndani yake ni nusu. Umenunua unga bora ili uamke vibaya zaidi. Kinachosaidia kiko kwenye polima: kuipa upitishaji kidogo wa umeme, kwa joto au kwa kuongeza kaboni kiasi kidogo sana, ili chaji ipate muda wa kuhamia kwenye mipaka ya chembe na uga usukumwe ndani. Kingine ni kuzipanga chembe katika minyororo kwa uga unaobadilika kabla epoksi haijaganda, ili 0-3 ianze kufanana na 1-3 kwa kauri chache. Kazi zote mbili zinahusu kile kinachozunguka kauri, na zote mbili zinaweza kufanywa kwa vifaa ambavyo idara ya kawaida ya uhandisi inavimudu.

Watetezi wa d33 wana hoja yao nzuri kuliko zote, nami nitaieleza kwa haki. Wanasema: hata kama d mara g ndiyo kipimo, bado nyenzo ikiwa bora umeme utaongezeka, kwa hiyo tuendelee kutafuta nyenzo. Jibu liko katika kazi ya Williams na Yates wa Sheffield, Uingereza, ya mwaka 1996. Walichora kifaa cha kuvuna mtetemo kama uzito ulioning'inizwa kwenye springi ndani ya boksi linalotetemeka, wakauliza ni nguvu kiasi gani inaweza kutoka. Kwenye resonansi, kiwango cha juu kinategemea mambo manne: uzito, mchapuko wa mtetemo uliozidishwa kwa wenyewe, frikwensi, na msuguano wa ndani unaoufifisha mwendo. d33 haimo. Chukua uzito wa gramu 8, mchapuko wa mita 2.5 kwa sekunde mraba, mitetemo 120 kwa sekunde, na ufifishaji wa asilimia 1: unapata takribani maikrowati 400. Mwaka 2004 Shad Roundy na Paul Wright wa Berkeley, California, walieleza kifaa cha ujazo wa sentimita moja ya ujazo kilichotoa maikrowati 375 kwa mtetemo wa mchapuko huo huo na frikwensi hiyo hiyo. Ndani yake mlikuwa na kauri ya kawaida.

Nyenzo ina kazi yake hapo, na mimi siikatai. Lazima iwe na uwezo wa kutosha wa kugeuza mwendo kuwa umeme ili iufikie ukomo huo. Lakini neno lenyewe ni kutosha. Kwa kifaa chenye ufifishaji wa asilimia 1, inatosha nyenzo kugeuza asilimia chache za nishati ya kila mpindo, na ubao wa PZT uliobandikwa vizuri unalifikia hilo. Ukishavuka hapo, nyenzo kali zaidi haikuongezei kilele cha nguvu. Inakuongezea upana wa masafa, yaani kifaa kinavumilia zaidi frikwensi ikihama. Hiyo ni faida ya kweli, ila ni nadra kuona andiko linaloitaja. Wote wanaangalia kilele.

Suala la masafa ndilo linalotugusa zaidi sisi huku. Mtetemo wa 120 uliotumika Berkeley ni wa aina unayoikuta kwenye bodi ya oveni ya maikrowevu huko Marekani, ambako umeme wa gridi ni wa 60 na vyuma vya transfoma vinatetemeka mara mbili ya hapo. Gridi za Tanzania, Kenya na Uganda ni za 50, kwa hiyo mtetemo ni wa 100. Kifaa kilichotuniwa kwa 120 chenye ufifishaji wa jumla wa asilimia 2, ukikipachika hapa kwenye transfoma, kinatoa karibu asilimia moja tu ya nguvu ambayo kingetoa kwao. Nyenzo ni ile ile, d33 ni ile ile. Na hata ukikituni upya, mota haikai mahali pamoja. Mota ya kawaida ya pampu inayotakiwa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika inashuka hadi kama 1,450 mzigo ukiwa kamili. Tofauti ya asilimia tatu inatosha kukitoa kifaa kwenye kilele chake. Fundi wa mitambo anajua mzigo wa pampu haufanani asubuhi na jioni. Mtafiti anayepima juu ya meza ya kutetemesha iliyofungwa kwenye frikwensi moja hakutani na jambo hilo kamwe. Kundi la Perugia nchini Italia lilionyesha mwaka 2009 kwamba kifaa chenye sehemu mbili za utulivu, kinachoruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kinavuna vizuri zaidi pale mtetemo unapokuwa wa fujo usio na frikwensi moja. Mabadiliko hayo ni ya umbo na sumaku, unga haukuguswa.

Kuna kosa jingine linaloenda sambamba na ibada hii, nalo linanikera zaidi: kuripoti volti za kilele badala ya nguvu ya wastani. Filamu inagongwa kwa kidole, osiloskopu inaruka hadi volti 10, taa ndogo inamulika kwa kufumba na kufumbua, picha inapigwa. Tufanye hesabu. Kwa ukinzani wa megaomu 10 wa probu ya kawaida, volti 10 ni maikrowati 10 kwa ile nukta. Kama pigo linadumu sehemu ya mia ya sekunde na unagonga mara moja kwa sekunde, wastani haufiki maikrowati 0.1. Mbaya zaidi, filamu ya silikoni ikiguswa na kidole kikavu inatoa volti kwa msuguano tu, hata kama haina chembe moja ya kauri ndani yake. Kuthibitisha ni rahisi: amsha kipande kimoja kwa volteji chanya na kingine kwa hasi uone kama alama inageuka, na gonga kipande kisichoamshwa kabisa. Andiko lisilo na majaribio hayo halijatuambia umeme umetoka wapi.

Halafu joto na uchovu. Mwaka 2009 Liu na Ren walitoa kauri isiyo na risasi, ya bariamu, kalsiamu, zirkoniamu na titani, yenye d33 ya 620. Ilishangiliwa, na kwa kazi ya kisayansi ilistahili. Lakini kauri hiyo inapoteza uwezo wake wote wa kutoa umeme ikibanwa kwenye nyuzi joto takribani 93. Weka kifaa hicho kwenye kifuniko cha injini, au ubavuni mwa kompresa iliyo chini ya bati huko Tanga mwezi wa Februari, kisha uniambie 620 itadumu wiki ngapi. Kwenye d33 ni bingwa. Kazini haina mahali pa kukaa.

Kuhusu uchovu, nimeshika mbao za PZT zilizokwisha chakaa na dosari haijifichi. Ufa mwembamba kama unywele unakatiza kauri pale pale inapobanwa kwenye bano, ambapo mkunjo ni mkubwa kuliko kwingine. Elektrodi ya fedha inakatika juu ya ufa, na sehemu yote iliyo mbele yake, hata kama ni nzima, haina tena njia ya kutoa chaji. Kifaa kinachotetemeka mara 100 kwa sekunde kinapiga mizunguko zaidi ya milioni 8 kwa siku. Dawa ya ufa ni ile iliyobuniwa na NASA katika kituo chake cha Langley kwenye miaka ya 1990: kauri inakatwa kuwa nyuzi nyembamba, inalazwa ndani ya epoksi, na elektrodi za mfano wa meno ya kitana zinabandikwa juu na chini kwenye filamu ya poliimidi. Uzi mmoja ukivunjika, jirani zake wanaendelea. Kauri yenyewe ni PZT ya kawaida. Ubora umetoka kwenye mpangilio.

Na risasi. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa PZT ni risasi. Kwa Mswahili wa pwani hili si neno la vitabuni. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliugua kwa risasi ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Chanzo pale kilikuwa betri, wala sikifananishi kiasi cha risasi iliyomo kwenye kihisi kimoja na ile ya kiwanda kizima. Lakini anayependekeza maelfu ya vihisi vipachikwe kwenye madaraja, pampu na reli anawajibika kusema vitaishia wapi. Nyenzo mseto yenye kauri robo ina risasi robo. Upande wa pili, risasi iliyozamishwa kwenye epoksi ni ngumu kuitenganisha, na sijaona utafiti wa d33 unaolishughulikia hilo kwa uzito unaostahili.

Zile ndoto za sakafu na barabara nitazipitia haraka, kwa kuwa hesabu yake ni fupi. Mtu wa kilo 70 akikanyaga moja kwa moja kauri ya 5A yenye eneo la sentimita za mraba 10 na unene wa sentimita moja, anaacha ndani yake kama maikrojouli 23. Betri ya simu ya sasa ina karibu jouli 70,000. Unahitaji hatua bilioni tatu. Mitambo ya wenzo inaweza kuongeza mavuno mara mia kadhaa, na bado unabaki na mamilioni ya hatua kwa simu moja. Anayetaka kuwasha mtaa anunue sola.

Mahali pa kweli pa kuvuna mtetemo ni pale ambapo mkono wa fundi haufiki na jua haliingii: ndani ya tairi, kwenye ekseli ya behewa, kwenye beringi ya pampu iliyo chini ya kisima. Kihisi kinachotumia wastani wa maikrowati 100 kinaimaliza betri ya kitufe ya volti 3 kwa takribani miezi tisa, na kila mara mtu anatakiwa kushuka kuibadilisha. Hapo maikrowati 100 zisizokatika zina thamani kubwa, na hapo nyenzo mseto isiyopasuka inaishinda kauri ngumu yenye d33 mara mbili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza tuzipime nyenzo hizi kwa kipimo gani kama tunaiacha d33, nitamjibu kwa mambo ambayo andiko lolote linaweza kuyaweka kwenye jedwali moja. Uzito wa kifaa kizima. Mchapuko na frikwensi ulizotumia kukitetemesha. Ukinzani ulioufunga na nguvu ya wastani iliyopita ndani yake baada ya rektifaya. Nguvu hiyo hiyo frikwensi ikihama asilimia tano kila upande. Nguvu hiyo hiyo kwenye nyuzi 25 na nyuzi 80. Nguvu hiyo hiyo baada ya mizunguko milioni mia. d33 iandikwe pia, chini kabisa, pamoja na msongamano na rangi ya unga.